Eleuterio Canul na Ukurasa Usiosikia

Siku daktari alipomwambia Eleuterio Canul kwamba uvimbe wa kooni umetolewa wote, ila sauti imeondoka nao, mzee hakulia. Aliuliza tu, kwa mnong'ono uliomsalia, nani ataita loteria Jumamosi. Daktari hakulielewa swali. Alikuwa kijana aliyeletwa kutoka mji mkuu, na vijana wa siku hizi hutibu koo bila kumuuliza mwenye koo alikuwa akilifanyia kazi gani.

Mtaani San Román, pale Campeche nchini Mexico, hakuna ambaye angehitaji kuelezwa. Kila Jumamosi alasiri, wanawake wa mtaa walipomaliza kuosha vyombo vya mchana, walivuta viti hadi kwenye baraza ya ukumbi wa parokia, kila mmoja na kadi yake ya picha na konzi ya punje za mahindi. Eleuterio alitia mkono kwenye mfuko wa kitambaa, akatoa kipira kilichochorwa picha, akaiita. Kila mwenye picha hiyo kwenye kadi yake aliiwekea punje. Aliyetangulia kujaza mstari alipaza sauti, "Loteria!", na wengine wakamzomea.

Lakini kuita si kutaja jina tu. Kila picha ilikuwa na kibwagizo chake, na vibwagizo vya Eleuterio vilikuwa mali yake. Jogoo alikuwa "aliyemwamsha mume wa jirani kitandani kwa jirani." Mwezi alikuwa "anayejidai kwa taa ya kuazima." Kamba wa bahari alikuwa "anayekwenda kinyumenyume kama diwani wetu." Alivitunga kiwandani, enzi za meli za kuvua kamba hao, alipokuwa amesimama kwenye barafu akiwamenya tangu alfajiri na mdomo ndio uliokuwa kiungo pekee chenye nafasi ya kucheza. Shule aliiacha mapema ili aende kumenya. Kusoma alijifunza mwenyewe kwa magazeti ya kufungia samaki, herufi kwa herufi, huku yakinuka.

Kiwanda kilifungwa. Meli zilioza zikiwa zimefungwa gatini, mpaka watoto wakadhani zilijengwa zikiwa na kutu. Nyumba za mtaa zilinunuliwa na wageni waliozipaka rangi za peremende, wakazitia makufuli na kwenda zao. Mkewe Fidelia alikufa. Kilichobaki kwa Eleuterio kilikuwa Jumamosi alasiri, na sasa sauti ya kuiendesha hiyo Jumamosi ilikuwa imebaki kwenye sahani ya daktari.

Kana kwamba hilo halikutosha, dhoruba ya mwaka ule iling'oa paa la stoo ya parokia, na kadi zote, zilizochorwa kwa mkono na watu waliokwisha kufa, zikawa uji.

Ndipo alipokuja Baltazar Cauich. Baltazar alikuwa muuza vigae na mwenyekiti wa kamati ya sherehe ya mtaa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda vitu vipya, na hilo wakati mwingine hudhuru zaidi. Alikaa sebuleni kwa Eleuterio, akanywa horchata, maji baridi ya mchele yenye sukari, akaeleza kwamba kamati imepata mashine ya kukodi kutoka mji wa Mérida. Inatoa namba yenyewe, inatangaza yenyewe kwa sauti ya kike, na kadi zake zinajijaza zenyewe kwenye skrini.

"Haina picha, ni namba tu, lakini watu watazoea," alisema. "Wewe pumzika, Mzee Eleuterio. Umetutumikia vya kutosha."

Neno hilo la kupumzika lilimwingia mzee kama mwiba chini ya kucha. Alimwomba Baltazar muda mpaka Jumamosi ya kabla ya sherehe ya mtaa. Atatengeneza meza yake mwenyewe ya loteria, ya kuonekana kwenye runinga ile kubwa ya ukumbini, yenye picha na vibwagizo. Baltazar alimtazama shingo iliyofungwa bandeji, akakubali. Mapatano yakawa hayo: Jumamosi ile kamati itakuja kutazama. Meza ikifaa, inabaki ya Eleuterio. Isipofaa, mashine inakuja, na ikija haitaondoka.

Binti yake Zoila, aliyehamia Mérida na kupata kazi ya kutengeneza kurasa za wavuti za mahoteli, alimwachia kompyuta yake ya zamani. Alijitolea kumwandikia ukurasa wote mwishoni mwa wiki. Mzee alikataa. Zoila akamuuliza kwenye simu kwani ni lazima awe yeye. Eleuterio hakujibu, kwa sababu mnong'ono haupandi hata ukikasirika. Baadaye alimwandikia ujumbe: ukiharibika katikati ya mchezo nitakuita kwa sauti ipi? Zoila akamtumia kwenye kompyuta mwongozo wa JavaScript, lugha ya kuziamuru kurasa za wavuti, na kitu walichokiita librería.

Kwa Kihispania librería ni duka la vitabu. Eleuterio alifungua akitazamia vitabu, akakuta ukurasa mmoja mrefu wa alama zilizobanana kama dagaa kwenye kopo. Jina lake lilikuwa jQuery, na hakuna mtu mtaani aliyejua namna ya kulitamka. Zoila akamwambia si kitabu cha kusoma. Ni ghala la kazi zilizokwisha kufanywa na watu wengine, ili wewe usizirudie. Basi wangeliita ghala, aliwaza. Siku hizi hata majina hupewa na watu wasiojua maana yake.

Hata hivyo alipiga moyo konde. Kila asubuhi, baada ya kahawa, aliketi kwenye meza ya jikoni ya Fidelia, mwongozo upande mmoja na ukurasa wake upande wa pili. Polepole aliona kwamba ghala lile lilikuwa na tabia ya mwita loteria. Ukurasa wa wavuti umejaa vitu: maandishi, picha, visanduku. Kimoja kimoja vimekaa kimya kama wanawake kwenye viti. Ukitaka kimojawapo kifanye jambo, unaandika alama ya peso, $ (hata hapo wameanzia kwenye pesa, alijiambia), kisha mabano, na ndani ya mabano jina la unayemwita. Ghala linapita ukurasa mzima likilitafuta jina hilo, linamleta aliyeitikia, nawe unampa amri: badilika rangi, jifiche, ongezeka ukubwa.

"Kumbe ni kazi yangu," alimnong'oneza Remigia, aliyeingia na bakuli la maharage na nyama ya nguruwe kwa kuwa ilikuwa Jumatatu, siku ya chakula hicho mjini kwao.

Remigia Chablé alikuwa dada wa marehemu Fidelia, na tangu harusi yao alikuwa hajampa shemeji yake amani hata siku moja.

"Kazi yako ni kupiga domo," alijibu. "Hiki kitu hakina domo. Kula kabla hakijapoa."

Eleuterio alichora picha zote upya kwa kalamu, akazipiga picha kwa simu, akazipanga kwenye kadi, kila mchezaji kadi yake, moja chini ya nyingine kwenye ukurasa. Kwa kuwa macho ya wachezaji wake yalikuwa yamechoka, alizifanya kubwa, na akapanga kwamba kila picha itakapoitwa, punje ya mahindi itajitokeza yenyewe juu yake. Kibwagizo kingeandikwa juu kabisa kwa herufi nene. Na kadi ikijaza mstari, ukurasa uandike LOTERIA.

Jumamosi ya kwanza ya majaribio, wanawake walikusanyika mbele ya runinga. Eleuterio alibofya mara ya kwanza, na kabla jogoo hajatokea vizuri, neno LOTERIA likajaa skrini nzima.

"Shemeji, sijapata hata kukaa nikaenea," alisema Remigia, "nami nimekwisha shinda?"

Alibofya tena. LOTERIA. Walicheka mpaka mmoja akamwagikiwa na horchata, na mwisho wakaenda nyumbani kutazama tamthilia. Eleuterio alizima runinga mwenyewe.

Kosa lilikuwa katika swali alilouliza. Aliliambia ghala: niletee kadi iliyojaza mstari, kama ipo, tangaza ushindi. Alirudia mstari ule mpaka macho yakamwasha, na mstari haukuwa na kasoro. Akarudi kwenye mwongozo, akasoma sentensi aliyokuwa akiiruka kwa sababu ilionekana ya kisomi mno. Ilisema kwamba ghala halikupi kitu chenyewe, wala halikuambii "hakuna". Siku zote linakupa kitu chake, ambacho ndani yake mmewekwa vilivyopatikana, viwe vingi, kiwe kimoja, au pasiwe na chochote.

Alikaa akiutazama ule mfuko wa kitambaa wa vipira uliokuwa ukining'inia kwenye msumari. Akaushusha, akamimina vipira vyote kwenye bakuli, akaushika mfuko mtupu mkononi. Kuna mfuko? Upo. Kuna kipira? Hakuna. Alikuwa akiuliza kama mfuko upo, na mfuko upo daima, hata ukiwa mtupu. Ndiyo maana ghala lilikuwa halilalamiki kamwe. Ukiuamuru mfuko mtupu ugeuke mwekundu, unatii vizuri sana, na hakuna kinachotokea. Eleuterio aliwajua watu wa namna hiyo. Wengine walikuwa wamekaa kwenye kamati.

Akaubadilisha mstari. Sasa uliuliza mfuko una vingapi ndani yake, na kutangaza pale tu palipokuwa na kitu.

Jumamosi iliyofuata mchezo ulikwenda mpaka mwisho, na mshindi akawa Remigia. Mchezo wa pili, Remigia. Wa tatu, Remigia, huku kadi za wenzake zikiwa na punje za hapa na pale kama kichwa cha mtoto mwenye mapunye. Vicheko vilipungua. Casilda Pech, mwanamke mnene aliyekuwa jirani ya Eleuterio kwa ukuta mmoja na ambaye hakuwahi kushindwa kwa amani, aliinuka.

"Nitazame mimi, Eleuterio," alisema. "Jogoo kaitwa. Mimi ninaye jogoo, huyu anaye, yule anaye. Punje imekwenda kwa nani? Kwa shemejio. Mwezi, kwa shemejio. Sisi tunapewa makombo, picha ambazo yeye hana."

"Ni mashine, Casilda," mtu mmoja akajaribu kutuliza.

"Mashine haina shemeji."

Remigia mwenyewe, ambaye angefurahi kushinda kwa njia yoyote, safari hii alivuta kiti chake nyuma. Miaka yote ile Eleuterio aliitwa mlevi, mchoyo wa sigara, mwenye ulimi mchafu. Mwizi hakuwahi kuitwa. Mwita loteria akishaitwa mwizi hana tena meza, hata awe na koo la dhahabu. Kabla ya giza kuingia habari zilikuwa zimefika dukani kwa Baltazar, naye akatuma salamu za upole kwamba mashine ya Mérida iko tayari wakati wowote, na kwamba jambo la kadi za kujijaza lina faida ya kutokuwa na undugu na mtu.

Asubuhi iliyofuata Eleuterio hakwenda kanisani. Alifungua kompyuta akiwa na ghadhabu, na ghadhabu ilimfanya awe mpole kwa vidole, kama alivyokuwa akimenya kamba. Aliifuta kadi ya Remigia kwenye ukurasa. Akabofya jogoo. Punje ikaenda kwa Casilda, aliyekuwa chini yake. Akabofya mwezi: Casilda. Akaifuta ya Casilda, na punje zikahamia kwa aliyefuata.

Basi haikuwa shemeji. Ilikuwa nafasi. Ghala lilianzia juu, likampata wa kwanza, likaacha kutafuta.

Kwa nini liache? Alisoma tena mwongozo kuhusu majina. Kulikuwa na aina mbili. Moja ilitanguliwa na ile alama ya mistari minne inayokatizana, #, ambayo kule Mexico huitwa paka. Jina lenye paka ni la kitu kimoja tu katika ukurasa mzima, kama jina lililo kwenye kitambulisho. Ghala likishampata mwenyewe, litamtafutia nani mwingine? Aina ya pili ilitanguliwa na nukta, na hilo lilikuwa jina la kundi: wote wanaolibeba huitika pamoja.

Mifano ya mwanzo ya mwongozo ilitumia paka, naye alikuwa ameifuata. Angejuaje? Katika maisha yake yote jogoo lilikuwa jina moja na kadi nyingi. Ukisema jogoo, baraza nzima inainamia kadi zake. Haikumpitia akilini kwamba mahali fulani duniani watu wamepanga jina liwe la mtu mmoja, na wengine wenye jina hilo hilo wakae bila kuitwa. Kwa kweli ilifanana na dunia ya sasa, lakini hakuwa na nafasi ya kusikitika. Aliondoa paka wote, akaweka nukta, sanduku kwa sanduku, kadi kwa kadi. Akarudisha kadi ya Casilda, kisha ya Remigia. Akabofya jogoo, na punje zikatokea ukurasa mzima kama mvua ya kwanza juu ya vumbi.

Alikwenda kwa Casilda, akamvuta mkono mpaka jikoni kwake bila kusema kitu, akamkalisha, akambofyea. Casilda alitazama picha baada ya picha. Halafu akasema kwamba alijua tangu mwanzo, na kwamba Remigia hata hivyo hakustahili.

Jumamosi ya kamati ilifika na joto la kuyeyusha mishumaa. Baltazar alikuja amevaa guayabera mpya, shati la sherehe, akapewa kiti cha mbele na kadi yake kwenye runinga. Eleuterio alibofya. Vibwagizo vilitokea kwa herufi nene, na wanawake, ambao walivijua kwa moyo, wakavisoma pamoja kwa sauti. Jogoo, aliyemwamsha mume wa jirani. Mwezi, anayejidai kwa taa ya kuazima. Punje zilikuwa zikijitokeza mahali pake. Hakuna kilichokwama. Eleuterio alianza kupumua.

Kisha neno LOTERIA likatokea, na kadi iliyojaa ilikuwa ya Casilda. Casilda alikuwa amelala. Kidevu kilikuwa kimezama kifuani, akikoroma taratibu, mikono juu ya tumbo.

Walimwamsha. Alipoambiwa ameshinda, akasema asante.

"Asante ya nini?" Remigia alifoka. "Ulikuwa umelala! Tangu lini mtu anashinda loteria akikoroma?"

"Kadi imejaa," Casilda akasema. "Soma. Si imeandikwa pale?"

Ikawa zogo, nusu baraza upande huu na nusu upande ule. Katika mchezo wa zamani asiyesikia alipoteza. Picha ikishapita imepita, na hakuna wa kumwekea mwenzake punje. Baltazar ndiye aliyefurahi. Alipiga makofi, akawaambia watulie, kwamba hilo ndilo jambo zuri lenyewe: mchezo unajichezesha. Mtu anaweza kulala, anaweza kwenda sokoni, anaweza hata kubaki nyumbani, na kadi yake inajaa tu.

"Sawasawa na mashine ya Mérida," alisema. "Na ile inasema kwa sauti. Sasa, Mzee, usikasirike, lakini kama zote zinafanya kitu kimoja..."

Hakumalizia, na hakuhitaji kumalizia. Eleuterio aliitazama runinga. Alikuwa ametumia asubuhi zote hizo kujenga kwa mikono yake kitu kile kile alichokikataa. Alikuwa ameufundisha ukurasa kuwaita wote, na wote wakaitika bila kusikia. Mwita wa namna hiyo hahitaji wachezaji. Na wachezaji wa namna hiyo hawahitaji mwita.

Alimgusa Remigia begani, akamnong'oneza, naye akawatangazia wengine.

"Shemeji anasema mchezo huu haukuwa halali. Anasema mkae, mnywe horchata, asiondoke mtu. Nawe mwenyekiti."

Baltazar alitazama saa, lakini gilasi ilikuwa imekwisha wekwa mkononi mwake.

Eleuterio alivuta kompyuta magotini. Alifuta mstari uliokuwa ukimwaga punje kwa wote. Mwongozo ulikuwa na sura aliyoisoma bila kuwa na haja nayo, juu ya kufundisha vitu vya ukurasa kusikiliza. Unawaita wote kwa nukta, unawaambia: kaeni mkisikiliza, atakayeguswa, ndiye atakayefanya jambo hili. Kila mmoja anakuwa na sikio lake. Aliandika hivyo. Kila picha ingesubiri kuguswa na kipanya, na yeye angeigusa pale tu mwenye kadi atakapoinua mkono.

Alijaribu. Aligusa jogoo wa Remigia. Hakuna punje. Akagusa tena. Chini ya skrini yalitokea maandishi mekundu, na yalionekana kwenye runinga kubwa, mbele ya kila mtu: kitu hiki hakiijui amri hiyo.

"Kimekataa," alisema Casilda, ambaye sasa alikuwa macho kabisa.

Jasho lilimtoka Eleuterio hadi kwenye kovu. Amri ilikuwa ile ile aliyoitumia tangu siku ya kwanza, weka punje, na siku zote ilitiiwa. Kilichobadilika ni anayeamriwa. Alirudisha macho juu ya mstari, polepole, na akaliona kosa. Alipokuwa akiita kwa alama ya peso, aliyekuja mbele yake alikuwa mfuko, na mfuko ndio uliozijua amri zote za ghala. Lakini kitu kinapoguswa kinakuja chenyewe, kikavu, bila mfuko. Ni kitu halisi cha ukurasa, kama kipira kikiwa peke yake kwenye kiganja, nacho hakijawahi kusoma mwongozo wa mtu. Ukikiamuru kwa maneno ya ghala, hakikuelewi. Si ubishi, hiyo si lugha yake tu.

Basi kitie mfukoni kwanza, ndipo ukiamuru. Aliandika alama ya peso mbele ya kile kilichoguswa, akakizungushia mabano. Akagusa jogoo wa Remigia. Punje moja ikatokea, kwa Remigia peke yake. Jogoo wengine wote walikaa wakingoja.

Akamwita Remigia tena sikioni, na Remigia akasimama katikati ya baraza kama aliyepewa upadri.

"Sheria ni ile ile ya zamani," alisema. "Kibwagizo kikisomwa, mwenye picha ainue mkono, atawekewa punje. Picha nyingine ikiitwa kabla hujainua, imekula kwako. Anayetaka kulala akalale kwake."

Wakaanza. Safari hii viti vilisogezwa mbele, na shingo zikarefuka. Ngazi. Mikono ikapaa, Eleuterio akagusa hapa na pale. Kobe. Casilda aliinua mikono yote miwili. Mtu mmoja aliinua mkono kwa picha asiyokuwa nayo akazomewa mpaka akajifunika shali. Wanawake walisoma vibwagizo kwa nguvu kuliko walivyopata kuitikia alipokuwa akiviita mwenyewe, na palipokuwa na neno la matusi walilivuta kwa raha. Eleuterio alisikia maneno yake yakitoka katika vinywa vya watu wengine. Ilimuuma, lakini hakuacha kugusa.

Jogoo alipotokea, wakasoma, mikono ikainuka, Eleuterio akagusa, kisha akabofya picha nyingine. Ndipo Baltazar aliposhtuka na kunyoosha mkono.

"Nami ninaye. Jogoo ninaye, yule pale."

"Mwenyekiti," alisema Remigia, "jogoo amekwisha mwamsha mume wa jirani, mume ametoroka dirishani, na jirani amekwisha tandika kitanda. Wewe ndio unaamka?"

Baraza iliangua kicheko. Baltazar alimgeukia Eleuterio, akacheka naye kidogo, akamwomba amwekee tu, punje moja, si chochote. Runinga ilikuwa ya kamati. Ukumbi ulikuwa chini ya kamati. Eleuterio alimtazama machoni, kidole kikiwa juu ya kipanya, akatikisa kichwa.

Baltazar alishusha mkono. Alijifuta jasho usoni kwa leso, akaitazama kadi yake kama anayeiona sasa, akanong'ona majina ya picha zake moja moja ili asipitwe tena. Halafu akakivuta kiti chake mbele, mpaka magoti yakagusa meza ya runinga, na guayabera yake ikaloa kwenye kidimbwi cha horchata bila yeye kujua.

Casilda aliuliza kwa sauti kama ile mashine ya Mérida bado inakuja. Baltazar alimnyamazisha kwa mkono, bila kugeuka.

"Ita nyingine, Mzee," alisema.

Eleuterio akabofya.